Mama mdogo, lile halikuwa jua

Mama mdogo, shikamoo. Nanyi nyote wa kundi la familia, salamu.

Tangu Jumapili niliporusha kimakosa ile picha nimevaa helmeti, nimesimama juu ya ubao wenye magurudumu, nimehesabu meseji 41. Mmecheka, na mimi nimecheka. Lakini mama mdogo umeniuliza kwa sauti yako, "Mwanangu, Ulaya ulikwenda kutafuta au kucheza?" Na mwingine, simtaji, kaandika kwamba hela ya ubao ipo, ya bati ndiyo haipo. Nikinyamaza hili litapikwa mpaka liungue, kwa hiyo najibu.

Tuanze na hela. Ule ubao, skeitibodi, niliununua ukiwa umeshatumika, krona 250 za hapa Sweden, yaani kama shilingi 60,000 na ushei. Bati tano mnajua wenyewe haziletwi na hiyo.

Sasa lenyewe. Miaka mitatu nimekuwa nikiwadanganya. Kila Desemba mkinipigia video mnaniona nang'aa, mnasema jua la huko limekukubali. Lile halikuwa jua, ilikuwa taa ya jikoni. Nikisikia simu inaita natoka kitandani, najipaka mafuta midomoni, naenda kusimama chini ya taa, ndipo napokea. Tukishaagana narudi kulala na koti mwilini.

Malmö, mji ninaoishi, iko kusini kabisa mwa Sweden, na wenyeji watakwambia sisi tuna afueni, kwani huko kaskazini kuna miji ambayo jua halichomozi kwa wiki nzima nzima. Letu linachomoza, ila ni kama wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Mwishoni mwa Desemba linatoka saa mbili na nusu asubuhi, na saa tisa na dakika arobaini mchana limeshazama. Mama mdogo, wewe nikwambie kwa swala utanielewa: Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya muda wa saa nne. Theluji mnayoniulizia kila mara ni ya siku chache tu. Kilichojaa ni manyunyu, na upepo wa bahari unaokusukuma wewe na baiskeli yako. Kazi yangu ya kuwahudumia wazee majumbani inaanza saa moja asubuhi, giza totoro, na narudi giza totoro.

Shida ni kwamba sikuwa na la kulilia. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyenifukuza. Mwili tu umekuwa mzito kama godoro lililonyeshewa. Nakula mkate na sukari, mkate na sukari. Kijana wangu ananiita mara tatu ndipo naitika. Nilidhani ni kijicho cha mtu, halafu nikadhani ni uvivu wangu, mpaka muuguzi wa kituo cha afya aliponiambia kuwa hali hii ina jina, sonona ya majira ya baridi, na kwamba hata waliozaliwa hapa inawapata. Baadaye nikasoma kuwa daktari Norman Rosenthal, aliyeieleza na wenzake kitaalamu mwaka 1984, ni mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia New York, baridi ikaingia, akajiona mwenyewe anazimika. Nilifurahi kijingajinga. Kumbe na yeye alishushwa na ndege kama mimi!

Muuguzi akasema nitoke nje mchana hata kama ni mawingu, mwili ufanye kazi, nimeze vitamini D. Daktari akaniongezea dawa, nikazimeza miezi kadhaa. Hilo nalisema wazi, asije mtu kuwaambia watu huko nyumbani Ngamiani kwamba fulani aliponywa na ubao.

Ubao niliujua kupitia kwa mtoto. Jumamosi nilikuwa nampeleka Bryggeriet, jumba la skeitibodi lililofunguliwa mwaka 1998 ndani ya kiwanda cha zamani cha bia. (Ndiyo, bia. Imebaki kwenye jina tu.) Wana hata shule yao ya sekondari ambapo skeitibodi ni somo, msiniulize mtihani wake ukoje. Nilikuwa nakaa kwenye benchi na simu, saa mbili nzima. Siku moja mwanamke mmoja mwenye mvi akanijia, kashika ubao kwapani kama mtu aliyebeba mkeka, akaniuliza mbona huwa sishuki. Nikamwambia nina miaka 39. Akasema yeye ana 52. Nikakosa la kusema.

Wiki za kwanza ni kusimama tu. Unaweka mguu mmoja mbele, wa pili unasukuma sakafu, unaupandisha, unanyamaza. Sauti yake naijua tangu utoto, ni ile ya vigari vya mbao ambavyo kaka zetu walivitengenezea magurudumu ya beringi chakavu, mama akiwafukuza kwa mwiko. Kumbe nilikuwa navitamani, na kwa kuwa ni msichana hakuna aliyenipakia.

Kisha kuna kushuka rampu, yaani ule mteremko wa kuchezea. Unakanyaga mkia wa ubao kwenye ukingo wa juu, nusu ya ubao inaning'inia hewani, halafu mguu wa mbele unaupigiza chini kwa nguvu na mwili wote unaumwaga mbele, kule kule unakokuogopa. Ukirudi nyuma hata kidogo ubao unakutoka, nawe unatua kwa mgongo. Na woga kazi yake ni kukurudisha nyuma. Wiki saba nilikuwa napanda, nasimama pale juu, nateremka kwa ngazi. Wiki ya nane nikashuka, nikaanguka, kiwiko kikavimba kama embe dodo. Kesho yake kazini bibi mmoja ninayemhudumia alikiona, hakuuliza kitu, akaenda kwenye friji akaniletea pakiti ya njegere zilizoganda. Siku hiyo mimi ndiye niliyehudumiwa.

Pale juu ya rampu huwezi kuwaza bili wala giza, na wala huwezi kuwawaza ninyi, mnisamehe. Akili yote iko kwenye nyayo. Nikitoka mle ndani jasho linanitiririka chini ya mtandio, nina njaa ya chakula cha kweli, na usiku nalala usingizi wa mtu aliyelima. Na nina watu wanaonijua jina. Hapa jirani yako wa mlango kwa mlango anaweza kusubiri asikie umeingia ndani ndipo afungue wake, kwa hiyo watu sita wanaogonga mbao zao sakafuni kukushangilia kwa sababu umeshuka rampu ya kimo cha mtoto, si haba.

Siku kavu zikitokea naenda Stapelbäddsparken, uwanja wa zege pale walipokuwa wakiunda meli, nikapate na mwanga wenyewe. Kufika ndiyo kazi. Hawa wakiona barafu wanamwaga changarawe njia nzima, na kijiwe kimoja kama punje ya mahindi kikiingia chini ya gurudumu, ubao unasimama, wewe unaendelea. Nimejifunza kuubeba.

Anayesema haya ni ya Wazungu aulizie Kampala: vijana wa Kitintale walijijengea uwanja wao mwaka 2006. Na anayesema ni ya watoto, basi, hapo nina kigugumizi, maana Olimpiki ya Tokyo dhahabu ya wanawake ya skeitibodi ya mtaani ilichukuliwa na binti wa miaka 13, na fedha binti mwingine wa miaka 13.

Januari bado ni Januari. Kuna asubuhi naushika ubao nauweka chini, nalala tena. Ila sisimami tena chini ya taa. Mkipiga video mkaniona nimesawajika, ndivyo nilivyo siku hiyo, msipeleke mtu kwa mganga.

Mama mdogo, ya bati nitatuma tarehe 25 mshahara ukiingia. Na msinipigie Jumamosi mchana, simu huwa naiacha ndani ya kiatu, kwenye kabati la pale ukumbini.