Madeni sita, mke anajua mawili: kabla ya mkopo wa kufunika mikopo, jaza safu ya tatu

Mkuu, umesema una madeni sita, mkeo anajua mawili tu, mshahara ukiingia haumalizi siku nne, na kuna mkopeshaji yuko tayari kukupa mkopo mmoja mkubwa ufunike yote. Unauliza uchukue au uache. Wengi wamekujibu kwa neno moja. Mimi nitakuchosha kidogo, maana miaka mitatu iliyopita nami nilikuwa na sita, na wangu alikuwa anajua moja.

Nianze na simu. Karibu mwaka mzima simu yangu ilikuwa inalala kifudifudi. Mlio nimezima, mtetemo nimezima, nikienda kuoga naingia nayo. Wakopeshaji wanapenda kupiga jioni, na ujumbe wao unatokea kwenye kioo hata kama hujaufungua. Siku niliposhindwa na kuamua kusema, mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi, akaniambia, "Kumbe ni madeni. Mimi nilishajiandaa kusikia una mtu." Akacheka. Halafu akalia. Halafu akaenda kuchukua daftari la hesabu la mtoto, lile la vijumba, akachana karatasi ya katikati.

Akawa anaandika mimi nikitaja. Safu ya kwanza nani anatudai, ya pili kiasi gani kimebaki. Tulipofika deni la nne akaweka kalamu chini. "Hili tulinunua nini?"

Nikanyamaza. Sikumbuki. Nakuapia, nilikaa pale nikijaribu kuvuta kumbukumbu, nikaangalia kabatini, nikaangalia ukutani, kana kwamba kile kitu kitajitokeza kiseme mimi hapa. Nilikuwa nalipa kila mwezi kitu nisichokijua. Basi akachora safu ya tatu: *pesa hii ilikwenda wapi*. Tukarudi juu tukaanza upya.

Hiyo safu ndiyo iliyonifungua macho, na ndiyo sababu naandika yote haya. Katika madeni yangu sita, mawili yalinunua kitu kinachoonekana. Moja lilienda kwenye ada ya shule. La nne ni hilo la alama ya kuuliza. Mawili yaliyobaki hayakununua chochote: yalikopwa kulipa yale mengine. Kwa hiyo swali lako la mkopo wa kufunika mikopo, mimi nilikuwa nimeshalijibu kwa vitendo mara mbili bila kujua. Nilichimba shimo kufukia shimo, na kila mara nilijisikia mwanaume mwenye mpango.

Sisemi mkopo wa kuunganisha madeni ni mbaya siku zote. Kuna watu umewaokoa. Ila wanaokuuzia watakuonyesha rejesho la mwezi tu, na rejesho la mwezi ndilo linalodanganya. Piga hesabu hii na mimi. Una deni la 1,000, riba asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio, umebakiza miezi 12. Rejesho lako ni kama 95 kwa mwezi, na hadi unamaliza utakuwa umelipa riba ya kama 135. Anakuja mtu anakwambia, kwangu riba ni asilimia 1.5 tu, na nakupa miezi 36. Rejesho linashuka hadi 36 hivi. Unapumua, unampa mkono. Lakini ukijumlisha miezi yote 36, riba utakayolipa ni kama 300. Riba ya chini, gharama zaidi ya mara mbili. Na hapo hujaweka ada ya kushughulikia maombi, bima ya mkopo, wala faini ambayo baadhi ya wakopeshaji wa zamani hutoza ukilipa kabla ya muda.

Uliza pia riba inapigwa wapi. Kuna riba inayopigwa kwenye salio linalobaki, na kuna inayopigwa kwenye deni lote la mwanzo hadi siku ya mwisho. Ukisikia "asilimia 12 tu kwa mwaka" ya aina ya pili, unarejesha 1,120 kwa miezi 12 sawasawa, inaonekana nafuu. Lakini ikifika mwezi wa saba umesharudisha kama nusu ya ile 1,000, na bado unatozwa kana kwamba unayo yote mfukoni. Ukiigeuza kuwa riba ya kwenye salio, ni kama asilimia 21. Mimi nilisaini moja ya namna hiyo nikijisifu kwamba nimepata cha bei nafuu.

Halafu kuna ile midogo ya haraka, ya siku 30. Hiyo watu wanaiona ndogo kwa sababu ada yake ni ndogo. Ada ya 10 kwa kila 100 kwa mwezi. Ukishindwa unalipa ada peke yake, tarehe inasogezwa. Fanya hivyo mwaka mzima: umeshalipa 1,200 kwa deni la 1,000, na deni bado ni 1,000, halijapungua hata senti. Katika karatasi yetu deni dogo kuliko yote kwa kiasi ndilo lililokuwa linakula kuliko yote.

Tulilipaje? Kuna wanaosema anza na dogo ili upate moyo, na kuna wanaosema anza na lenye riba kubwa maana hesabu ndiyo inataka hivyo. Watu wanabishana juu ya hili kama mashabiki wa mpira. Kwetu bahati ilitusaidia, dogo ndilo lilikuwa na riba kubwa, likafa mwezi wa pili. Baada ya hapo tulifuata riba. Lakini kabla ya zote mbili kuna jambo la tatu halitajwi sana: deni gani likichelewa linakutoa mahali unapolala, au linakukatia kinachokuingizia kipato? Kodi ya nyumba, mkopo wenye dhamana, hayo hayangoji zamu hata kama riba yake ni ndogo. Anayepiga simu kwa kelele zaidi si lazima awe ndiye wa kulipwa kwanza. Mimi nilikuwa nalipa kelele.

Wakopeshaji niliwafuata kabla tarehe haijapita. Hili ningelijua mapema. Ukienda siku kumi kabla ya tarehe na karatasi inayoonyesha kinachoingia na kinachotoka, unazungumza na mtu anayetaka pesa yake. Ukienda siku kumi baada, unazungumza na idara ya kufuatilia madeni. Mmoja alikubali kupanga upya marejesho na kufuta faini za nyuma, nikamwomba aandike, nikaondoka na karatasi. Mwingine alikataa katakata, na alinijibu vibaya. Nilitoka pale masikio yanawaka, lakini nikiwa najua cha kupanga. Usimwahidi mtu kiasi usichokuwa nacho ili tu simu ikatwe. Ahadi hiyo inavunjika mwezi huohuo na safari ijayo hakusikilizi.

Deni la rafiki nalo liandike. Halina riba, ndiyo maana tunaliacha la mwisho. Mimi nilikuwa nimeacha hata kumpigia kumjulia hali mtu niliyesoma naye, kwa sababu kila salamu ilikuwa inanuka deni. Nilimfuata nikamwambia, kaka, siwezi kukulipa yote, nitakupa kidogo kila tarehe fulani kwa miezi minane. Alichonijibu: "Pesa nilishaisamehe moyoni. Kunikwepa ndiko sikukusamehe." Nilimlipa miezi yote minane.

Sasa matumizi, maana kulipa bila kugusa matumizi ni kuteka maji kwa pakacha. Tuliandika kila kilichotoka kwa siku 30, hata cha senti, bila kujizuia na bila kugombana. Hilo la kutogombana lilikuwa sharti la mke wangu na alikuwa sahihi, maana ukianza kumkaripia mtu kwa alichoandika, kesho haandiki. Nilitegemea kukuta anasa. Sikuzikuta. Nilikuta vitu vya jioni: vile unavyonunua ukiwa umechoka, njiani kurudi, bila hata kuvitamani. Nilikuta malipo mawili yanayojikata yenyewe kila mwezi kwa huduma tulizoacha kutumia zamani. Nikakuta makato: nilikuwa natoa pesa kidogo kidogo, mara kumi na tisa kwa mwezi, nikiamini hivyo ndivyo kubana, na kila nikitoa nakatwa.

Lakini mambo mawili yalikuwa makubwa kuliko hayo yote.

La kwanza ni neno dharura. Mwaka uliotangulia nilikopa kwa dharura mara nne. Tulizipanga mezani. Mtoto kuugua, hiyo ni dharura, sina ubishi. Nyingine tatu zilikuwa ada ya shule, kodi, na bima. Zote zina tarehe! Zimeandikwa kwenye kalenda tangu mwezi wa kwanza, zinakuja kila mwaka tarehe zilezile, na kila mwaka zilikuwa zinanikuta nimeshangaa. Tulichofanya ni kujumlisha vyote vya mwaka vyenye tarehe, tukagawanya kwa 12, na hicho kipande kinatoka siku mshahara unapoingia, kinaenda akaunti ambayo kadi yake anayo mke wangu. Miezi minne ya mwanzo kiliuma, kwa sababu unalipa madeni ya jana huku unaweka ada ya kesho. Tuliweka nusu yake tu, ndiyo tuliyoiweza. Hata nusu ilitosha kunifanya nikope nusu.

La pili ni dogo hadi aibu. Nilikuwa nagawa pesa ya nyumbani kwa wiki nne. Mwezi wa siku 31 una wiki nne na siku tatu. Zile siku tatu hazikuwa na pesa, na ukipitia tarehe za mikopo yangu midogo, mingi imeangukia tarehe 28 kuendelea. Miaka yote hiyo nilidhani sina nidhamu mwisho wa mwezi, kumbe nilikosea kugawanya. Sasa tunagawa kwa siku, halafu kila Jumatatu natoa ya siku saba mara moja, pesa taslimu, inakaa kwenye bahasha. Bahasha ikiisha Jumamosi, Jumapili tunaishi na kilichomo ndani ya nyumba. Watoto wamezoea haraka kuliko mimi.

Usidhani ilikwenda kwa mstari ulionyooka. Mwezi wa tano niliteleza. Nilikopa tena kidogo, kwa simu, nikiwa nimesimama kwenye foleni, nikanunua kitu ambacho kingeweza kungoja. Ilichukua kama dakika mbili. Nilikaa nalo siku tisa. Simu ikaanza kulala kifudifudi tena, na nilipojiona nafanya hivyo nikainuka nikaenda kwenye ile karatasi, ipo ndani ya mlango wa kabati, nikaandika mstari wa saba mwenyewe. Safu ya tatu nikaandika "ujinga". Mke wangu aliuona asubuhi. Hakusema kitu, alibandika tu tarehe ya kulipa pembeni. Siku hiyohiyo nilifuta zile programu za kukopa kwenye simu. Najua zinaweza kupakuliwa tena, lakini kuipakua na kujisajili upya kunakupa muda wa kujisikia mjinga.

Leo yamebaki mawili. Moja lina miezi 14 mbele. Lile la nne tulilimaliza mwezi wa kumi na moja, na safu yake ya tatu hadi leo ina alama ya kuuliza.

Kwa hiyo kwako: usisaini wiki hii. Mwambie mkeo kwanza, usisubiri umalize mawili matatu ili uonekane umejitahidi, mimi nilisubiri hivyo miezi saba na katika miezi hiyo ndipo yalipozaliwa yale mawili ya kulipa mengine. Nenda na karatasi yenye safu zote tatu. Pale usipokumbuka pesa ilikwenda wapi, paache wazi, usitunge. Ukishaona ni mangapi kati ya sita yalikopwa kulipa mengine, rudi kwa huyo mkopeshaji umuulize vitu vinne: jumla yote nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho, miezi mingapi, riba inapigwa kwenye salio au kwenye deni la mwanzo, na ada zote kabla pesa haijanifikia. Akikwepa la kwanza, umeshapata jibu. Akikupa namba, ziweke hapa bila jina lake, na za madeni ya sasa uweke pembeni, nitazikokotoa jioni nikitulia.