Unataka programu ya depo? Anza na droo ya pesa

Mwenye depo (duka la mali kama simenti, malata na misumari) wa Lubumbashi akiomba atengenezewe programu ya kompyuta, huja na orodha ya skrini: mauzo, stoki, wateja, ripoti. Fundi wa programu anahesabu nne, anataja bei, wanapeana mkono. Lakini skrini ndiyo kazi nyepesi. Siku zinaliwa na mambo ambayo muuzaji anayafanya kichwani bila kuyaandika popote, na hayo huyaoni mpaka ukae kaunta asubuhi nzima ukitazama mikono yake.

Kwa hiyo bei isubiri. Piga picha fakture (ankara) 20 za mwisho, kurasa mbili tatu za buku la deni, karatasi za kutoa mali, hata vile vikaratasi vilivyobandikwa ukutani nyuma ya muuzaji. Penye mstari uliofutwa kwa kalamu, uliza nani aliufuta na kwa ruhusa ya nani. Majibu hayo ndiyo sheria za programu.

Tazama uuzaji mmoja tu. Mali ni ya dola 37, mteja anatoa noti ya 50. Muuzaji anamrudishia noti ya 10, na dola 3 zilizobaki anazilipa kwa franga. Tuseme taux, yaani bei ya dola moja kwa franga, ya asubuhi ni 2,300: hiyo ni franga 6,900, lakini noti za mia hazipo, anatoa 7,000. Programu iliyoandika "dola 37" basi, imeshakosea. Ndani ya droo dola zimeongezeka 40 na franga zimepungua 7,000. Jioni hesabu haikai, na muuzaji anaitwa mwizi bure. Daftari la mahitaji liseme wazi kwamba kila malipo yana sarafu yake, chenji ina sarafu yake, taux inahifadhiwa pamoja na uuzaji wenyewe, na zile franga 100 za kufidia noti zina mahali pa kuandikwa. Programu nyingi zina kisanduku kimoja cha taux ya leo. Mtu akiibadilisha Alhamisi, ripoti za Jumatatu nazo zinageuka.

Deni lina swali lake. Mteja alikopa dola 100, wiki tatu baadaye analeta franga. Zihesabiwe kwa taux ya siku gani? Hilo ni la mwenye depo kuamua. Fundi akiliamua peke yake, mtagombana mbele ya mteja. Na noti ya dola iliyochanika kidogo, ambayo muuzaji aliipokea bila kuikagua, haitaokolewa na programu yoyote, lakini lazima kuwe na njia ya kuiondoa kwenye hesabu bila kufuta uuzaji.

Vipimo navyo vina mitego. Misumari inaingia kwa katoni na kutoka kwa kilo. Malata, yaani mabati, yanauzwa kwa kipande au kwa bando. Kwa kila mali andika kipimo kidogo kabisa kinachouzwa, na vingapi vinajaza kile unachonunua. Kisha safisha majina: "simenti 42.5", "ciment 42,5" na "sima kubwa" zikiingia kama mali tatu, stoki itadanganya tangu siku ya kwanza. Kazi hiyo ni ya depo, si ya fundi, na inahitaji siku zake ndani ya mpango.

SNEL, kampuni ya umeme, ikikata umeme katikati ya uuzaji, je, uuzaji upo au haupo? Intaneti ikipotea mauzo yakiendelea, kaunta ya komini ya Kenya na ya komini ya Katuba, zote za Lubumbashi, zinaweza kuuza lata lile lile la mwisho. Nani atapewa? Kuuza bila intaneti si kitufe cha kuongeza mwishoni, kunagusa namna data zote zinavyohifadhiwa. Kama unakuhitaji, kukae ukurasa wa kwanza. Kama kaunta ni moja, kompyuta moja yenye betri nzuri na nakala ya kila jioni inatosha, na inapunguza gharama sana.

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money: kwa hatua ya kwanza muuzaji aandike namba ya muamala, yatosha. Kuunganisha moja kwa moja kunataka mkataba na kampuni ya simu na makaratasi ya biashara, hati ya usajili wa biashara (RCCM) ikiwemo, na kasi yake haiko mikononi mwa fundi. Uhasibu wa OHADA, yaani kanuni za hesabu ambazo Kongo inazifuata pamoja na nchi nyingine za Afrika, nao tungeuacha nje. Programu itoe faili ambayo mhasibu anaweza kuifungua. Lakini mwulize mapema fakture inatakiwa kuonyesha nini, pamoja na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, kabla mtu hajachora tiketi ya kuchapisha.

Mambo yaliyoachwa nje yaandikwe kwa majina. Kisichoandikwa, kila upande unakihesabu kwa faida yake.

Sasa ndipo siku zinahesabiwa. Kwa kila kazi fundi atoe namba tatu: ikienda vizuri, kwa kawaida, na ikiharibika. Jumlisha ya kwanza, mara nne ya pili, na ya tatu, gawanya kwa sita. Malipo ya sarafu mbili yakiwa siku 2, 4 na 12, unapata 5. Ile 12 usiipuuze: namba ya tatu ikiwa mbali hivyo na ya pili, maana yake kuna jambo hamjalielewa, rudini kaunta. Fundi anayetaja bei kwa simu bila kuona buku hata moja, sisi tusingempa kazi.

Uchunguzi huu ulipiwe peke yake, wiki moja au mbili, na daftari libaki mali ya depo hata kama atajenga mwingine. Malipo ya ujenzi yafuate vipande vinavyojaribiwa kwa fakture zile 20: ya dola 37 ikiingizwa, droo ionyeshe +40 na -7,000, vinginevyo kipande hakijaisha. Seva na akaunti zote ziwe kwa jina la mwenye depo. Badiliko lolote baada ya saini liandikwe na bei yake na siku zake, hata kama ni "kadogo tu".

Tena pangeni siku ya kuhesabu stoki, depo ikiwa imefungwa, mara nyingi Jumapili, na baada yake wiki mbili za kuandika kotekote, kwenye programu na kwenye buku. Wauzaji watalalamika kwamba ni kazi mara mbili. Ni kweli, kwa hiyo kubalianeni mapema watalipwa nini kwa wiki hizo.