Kwa nini simbidiamu yako haitoi maua

Ndugu, umeuliza kwa nini okidi yako chotara, aina ya simbidiamu, imenawiri majani lakini haijachanua kwa miaka 2, ingawa unaitunza sebuleni kwa uangalifu. Ninaamini kinachoizuia ni joto la usiku. Machotara haya yana asili katika okidi za miinuko ya Asia, zikiwemo za miteremko ya Himalaya, na ili yaanze kutunga maua huhitaji wiki kadhaa za usiku wenye nyuzijoto 10 hadi 14 za Selsiasi, huku mchana ukiwa na joto zaidi. Sebule yenye joto lilelile usiku na mchana huyapa majani tu. Ihamishie barazani au kwenye dirisha lenye baridi, mradi isipatwe na jalidi.

Yatazame pia majani yenyewe: kijani kilichokoza sana, ambacho wengi hukidhania kuwa afya, ni dalili ya upungufu wa mwanga, kwani mmea unaopata mwanga wa kutosha huwa na kijani kinachoelekea umanjano.

Baadaye, chunguza chini ya mmea. Chipukizi la majani huwa bapa na hufunguka upesi kama kipepeo, ilhali kikonyo cha maua huwa mviringo na kinene. Ukikiona, usiurudishe mmea kwenye joto, kwa sababu matumba hunyauka na kudondoka kabla ya kufunguka. Nimewahi kupoteza kikonyo kizima namna hiyo, na nilihuzunika sana.