5/3 ni Machi au Mei?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mihtasari ya vikao naihifadhi kwenye kompyuta kwa tarehe: siku, mwezi, mwaka. Mafaili yanajipanga shaghalabaghala, na mwanachama wetu aliyehamia Marekani ameona 5/3/2024 kwenye hati yake ya mkopo akadhani marejesho yanaanza Mei. Mpangilio upi ni bora?
Katibu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzenu amesoma kama wanavyosoma huko aliko: mwezi mbele, siku baadaye. Chukua 12/1/1964. Mzanzibari anaona siku ya Mapinduzi, Mmarekani anaona Disemba mosi. Siku ikizidi 12 utata unakwisha wenyewe, maana hakuna mwezi wa 13. Lakini kila mwaka zimo siku 132 zinazosomeka kuwili, na hati ya mkopo haivumilii hata moja.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kusomwa na watu, bakini na utaratibu wetu, ila mwezi uandikwe kwa jina: 5 Machi 2024. Nimefanya kazi masijala mpaka nikastaafu, na hapa silegezi kamba: penye fedha, mwezi hauandikwi kwa namba.

Kompyuta ni habari nyingine. Yenyewe hupanga majina ya mafaili kwa kuyasoma kuanzia kushoto, haijui mwezi wala mwaka. Ukiipa 05-03-2024 na 06-01-2023, itatanguliza 05, na kikao cha 2024 kitakaa juu ya kile cha 2023. Anza na mwaka: 2024-03-05. Sifuri usiziache, la sivyo kwenye programu nyingi mwezi wa 10 utautangulia wa 2. Huu ndio mpangilio ambao Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliutolea kanuni namba 8601 mwaka 1988. Hata pasipoti, tazama ile mistari miwili chini ya ukurasa wenye picha: aliyezaliwa 5 Machi 1985 ameandikwa 850305.

Mafaili ya zamani yabadilishe majina tu. Mihtasari iliyokwisha kusainiwa usiiguse ndani. Na huyo mwenzenu mwandikieni barua inayotaja mwezi wa marejesho kwa jina, aisaini, kisha iambatishwe kwenye hati yake.