Goti linagongwa la nini?

SWALI: Shikamoo dada nesi. Niko Masasi, juzi nimemuuguza wifi yangu, mimba miezi minane presha ikapanda, wakasema ni dalili za kifafa cha mimba wakamchoma magnesiamu. Sasa nesi kila saa anakuja anamgonga goti na kinyundo, anahesabu pumzi, mpaka mkojo anapima! Mama mkwe akanuna, eti wanamchezea mtoto wa watu. Ile ya nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hajachezewa mtu hapo, huyo nesi yuko makini kwelikweli. Magnesiamu inazuia degedege ila ikizidi mwilini inalegeza misuli, na kinachotangulia kupotea ni ule mruko wa goti, kabla pumzi haijaguswa, kwahiyo goti likigongwa mguu ukatulia tu tunajua mapema. Pumzi tunataka zisipungue 16 kwa dakika. Mkojo je? Dawa inatoka mwilini kupitia figo, mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa maana yake inarundikana, dozi inayofuata tunaisimamisha kwanza. Na kalsiamu glukoneti inakaa karibu, ndo dawa ya kuizima hiyo magnesiamu ikizidi. Joto analolisikia mwilini akichomwa ni kawaida, asiogope, ila akianza kulegea au kusinzia sana usisubiri raundi, mwite nesi hata kama ni saa nane usiku.