Kambale wa sentimita 28 na matusi yote yale: nimewahi kutukanwa, na mimi pia nimetukana

Mkuu nimesoma uzi wako wote na komenti zake. Umeweka picha ya kambale mkia mwekundu wa sentimita 28 kwenye tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, ukasema anakula vizuri na unampenda, ndani ya masaa mawili ukaitwa mtesaji, mbahili, muuaji. Halafu ukauliza maswali mawili na watu wote wameyaruka: hayo matusi yanamsaidia nini samaki, na hao wenye matangi ya maelfu ya lita wana usafi gani wa kukusema wakati na wao wamemfungia samaki wa Amazon nyuma ya kioo. Ntakujibu kwa yale niliyopitia, ni marefu nisamehe.

Huu ni mwaka wangu wa 13 na samaki wakubwa. Nilianza na pangasi watatu, wale wa kijivu wenye umbo la papa, nikawachukua wakiwa urefu wa kidole, muuzaji akaniambia usijali samaki anakua kulingana na tangi lake. Hilo ni neno ambalo ningekua na uwezo ningelifuta duniani. Pangasi kwao mto Mekong anafika sentimita 130 na kilo zaidi ya 40, na kioo hakina uchawi wa kumwambia asimame hapo. Kinachomdumaza ni maji yaliyochoka na sehemu isiyomtosha, naitreti (taka inayojikusanya majini) imejaa, hawezi kunyoosha mwili, mgongo unaanza kupinda, ndo mtu anakuambia ona, amekoma kukua mwenyewe. Tena pangasi ni muoga ajabu, ukiwasha taa ghafla anaenda na kioo kama mshale. Wangu wa kwanza alijigonga pua mpaka ikawa kidonda, kidonda kikaota ukungu, akafa akiwa na sentimita 31. Wa pili aliondoka hivohivo. Wa tatu nilimgawa na sikuuliza anaenda kuishi wapi, na hilo nalo ni kosa ila enzi hizo niliona nimefanya wema.

Ungedhani nimejifunza. Wapi. Nikachukua kambale mkia mwekundu, huyuhuyu wa kwako, maana akiwa mdogo ana sura ya kukuchekesha, tumbo jeupe, ndevu ndefu, anakuja kula mkononi kama mbwa. Alipofika sentimita 30 nikapiga picha nikaiweka kwa mbwembwe. Nilichokipata ndo hiki ulichokipata wewe, komenti kama 40 hivi, kuna mtu aliniambia niingie mimi mwenyewe kwenye ndoo nikae mwaka. Nilifanya nini? Nilifuta picha, nikanyamaza, sikurudi kuandika chochote kwa miezi nane. Na katika hiyo miezi nane ya kununa samaki alitoka sentimita 30 akafika 50 na kitu, tangi lilelile. Yaani kila siku niliyokua nimekasirika yeye alikua anaongezeka, na sikua na mtu wa kumuuliza kwa sababu kuuliza ilikua ni kukiri kwamba bado ninaye. Hilo ndo jibu la swali lako la kwanza, matusi hayakumsaidia samaki wangu, yalimfichia tu shida yake.

Lakini subiri usishangilie. Kwenye zile komenti kulikua na mzee mmoja hakutukana, aliniandikia pembeni maneno machache: "Mdogo wangu, tangi lako kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma ni sentimita ngapi? Samaki ni ngapi? Haya, anageukaje?" Basi, hakuongeza kitu. Aisee huyo ndo alinikera kuliko wote, maana mwenye tusi nilikua na la kumrudishia, huyu sikua na kitu cha kushika. Upana wa 45 na samaki wa 30 bado ilikua inapita. 45 na 52 haipiti, na nilimuona kwa macho yangu anavyojikunja mkia ukisugua kioo cha nyuma na ndevu zikisugua cha mbele. Nikaenda kumjibu yule mzee miezi nane baadaye, nikaanza na samahani, akanijibu samahani mpe samaki.

Hesabu yake naitumia mpaka leo na nakuachia. Watu wanaangalia urefu wa tangi, yeye alikua anaangalia upana kwanza, kwamba upana usiwe chini ya urefu wa samaki akishakomaa, sio samaki wa leo. Kambale mkia mwekundu anavuka mita moja, na kwenye maji yake wamevuliwa wa zaidi ya kilo 50. Sasa fikiria tangi la mita 4 kwa 2 kwa 1, hizo ni lita 8000, maji peke yake tani 8 kabla hujaweka kioo wala chuma, hicho sio kitu cha kuweka sebuleni, hilo ni bwawa. Kingine ambacho wengi hawakipigii hesabu, samaki akiongezeka urefu mara mbili uzito unapanda kama mara nane. Huyo wako wa 28 akifika 56 hujaongeza samaki mmoja, umeongeza saba juu yake. Akifika 112 ni mara 64. Chakula hakipandi kwa kasi hiyohiyo maana mkubwa anakula kidogo ukilinganisha na mwili wake, ila amonia anayotoa, taka yake yenye sumu, filta yako ya sasa (chujio la maji) haiwezi hata nusu, na hapo ndo watu wanaanza kubadilisha maji nusu tangi mara mbili kwa wiki, baadaye mara tatu, baadaye wanachoka.

Sasa sehemu ya aibu yangu. Baada ya samaki wangu kupata makazi (ntasimulia chini) niligeuka mtume. Si unajua mlevi aliyeacha pombe? Kila picha ya paku kwenye tangi dogo mimi nipo, kila arowana niko naye (hao nao ni samaki wanaokua wakubwa), naandika kwa herufi kubwa. Nilikua nasema ukweli mtupu, namba zangu zote sahihi, na nilikua naona raha, ile raha ndo ingenishtua. Kuna kijana alikua na paku wa karibu sentimita 35, aliuzwa akiambiwa ni piranha maana wakiwa wadogo wanafanana, nikamwandikia kama huwezi kumpa tangi la maana basi hustahili hata guppy, yule samaki mdogo kabisa, muondoe huyo samaki leo. Siku tatu baadaye akajibu, bila hasira kabisa: nimemuondoa, nimempeleka mtoni usiku.

Mimi sikusema "mtoni". Ila na mlango mwingine sikumuonyesha. Nilimwambia toa, nikakaa.

Na kutupa mtoni ndo dhambi kubwa kuliko tangi dogo, hapa sina upole. Tangi dogo linamuumiza samaki mmoja, samaki mgeni mtoni anaweza kuumiza mto mzima. Marekani mwaka 2002 walizuia kuingiza na kusafirisha baina ya majimbo jamii nzima ya samaki kichwa-nyoka baada ya kuwakuta wanazaliana kwenye kidimbwi kimoja huko Maryland, chanzo mtu aliwaachia tu. Japani mwaka 2018 wakaweka jamii yote ya ga, samaki wawindaji wa mdomo mrefu, kwenye orodha ya viumbe vamizi, kumfuga mpya marufuku. China mwaka 2022 mji wa Ruzhou walimwaga maji ya ziwa la bustani wakimtafuta aligeta ga, yule mwenye mdomo kama mamba, anayevuka mita 2. Hakuna aliyemzalisha pale, kila mtu anajua samaki kama huyo anafikaje kwenye ziwa la bustani. Na kila likitokea hivo, sheria inayofuata inamgusa hata yule aliyemtunza wake vizuri miaka kumi.

Swali lako la pili, wenye matangi makubwa wana usafi gani. Hapa utanifukuzisha lakini ni kweli, ukosoaji kwenye hobi yetu unashuka tu, haupandi. Mgeni akiweka samaki mmoja kwenye lita 240 anasulubiwa. Mkubwa mwenye lita 10,000 akijaza ndani paku wanne, kambale wawili, ga, arowana na arapaima juu, anapigiwa makofi, wakati arapaima ni samaki wa mita 2 mpaka 3 na hiyo lita 10,000 kwake ni beseni. Nimeona arowana wenye jicho lililoinama chini, kilema cha samaki wa tangini, miaka na miaka, hakuna anayesema neno kwa sababu tangi limepigwa taa nzuri na mwenyewe ana jina. Nimeona video za kurusha samaki hai wadogo mamia ili watu washangilie vurugu, halafu hao hao wanatoa somo la maadili kwa mtoto mwenye goldfish kwenye bakuli. Na goldfish mwenyewe ndo wanamtumia kama chakula, wakati ana thiaminezi, kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ukimlisha samaki wako goldfish kila siku unamuumiza taratibu huku unapata laiki. Nyani haoni kundule.

Na kuna lile la karatasi. Arowana wa Asia yuko Kiambatisho cha 1, orodha kali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1975, biashara yake kati ya nchi ni wa mashamba yaliyosajiliwa, na chipu mwilini na cheti chake, na Marekani hata uwe na cheti haingii. Lini umeona mtu kaweka picha ya arowana mwekundu halafu akaulizwa chipu? Wanauliza anakula nini mpaka rangi ikawa hivo.

Kwa hiyo usafi hatuna. Ila mkuu, mimi kutokua msafi hakukurefushii tangi lako. Hilo usilitumie kama ngao, nililitumia mimi miezi nane.

Je tuwafuge kabisa? Msimamo wangu umebadilika mara nyingi, leo nasema pangasi, kambale mkia mwekundu na arapaima hawakupaswa kuuzwa kwa mtu wa kawaida hata siku moja, na muuzaji anayemtoa akiwa sentimita 6 bila kutaja mita 1 ana dhambi kuliko mnunuzi. Wapo wakubwa ambao mtu mwenye nia anaweza kuwamudu. Tatizo lingine ni umri. Kule akwariamu ya Shedd, nyumba ya maonyesho ya samaki huko Chicago, Marekani, kulikua na samaki-mapafu wa Australia aliyefika 1933 akiwa mkubwa tayari, akafa 2017. Huyo ni wa aina yake, sawa, ila kambale wako naye sio wa miaka miwili, hesabu miaka 15, 20. Utahama nyumba mara ngapi hapo katikati, utaoa, utazaa, utakosa kazi.

Na ule msemo wako "tangi kubwa linakuja", naomba uuache. Sote tuliusema. Tangi linalokuja halina lita hata moja.

Wangu nilimtafutia makazi wiki 11. Niliwaandikia sehemu za maonyesho, moja ikanijibu kwa upole kwamba tayari wanao watatu wa kupewa na simu za namna hiyo hawazimalizi, nyingine hawakujibu. Mwishowe yule mzee akanikutanisha na mtu mwenye bwawa la ndani chini ya paa la vioo. Hatukumlisha siku tatu kabla, maana hawa wakishtuka wanatapika na kuchafua maji ya safari, tukamweka kwenye tangi la plastiki lenye mfuniko uliofungwa kamba, pampu ya betri mbili, moja ya akiba. Nilisafiri nimekaa nyuma naye. Alipoingia bwawani akazama chini akanyooka, sijawahi kumuona amenyooka vile, nikawa najisikia vibaya badala ya kufurahi.

Sasa wewe. Una muda kuliko mimi nilivyokua, sentimita 28 bado anasafirishika na bado kuna mtu anaweza kumtaka, akifika 60 hakuna. Usisubiri tangi, anza kutafuta leo kabla hajakua. Ondoa kokoto ndogo na hita isiyo na kinga, anameza chochote kinachoingia mdomoni. Mlishe mara mbili tatu kwa wiki sio kila siku, hiyo haimdumazi, inakupunguzia amonia tu. Ukikosa kabisa mahali, kabisa, nenda kwa daktari wa mifugo akuelekeze kumuua bila maumivu, kuna dawa na kuna mafuta ya karafuu kwa kipimo sahihi, najua ni neno gumu na watakutukana tena, lakini mtoni hapana.

Na wanaotukana humu, nimewaona wawili wana nafasi. Nimewatumia ujumbe niwaulize kama wanamchukua, mmoja kanyamaza, mwingine kasema nimpe mpaka wiki ijayo apime bwawa lake. Kesho mpime samaki, andika hapa urefu wake na upana wa tangi na filta ni ipi, hiyo hukuitaja. Picha usiifute, tutaihitaji kulinganisha mwezi wa tatu.