Jibu: Kwa nini Boban alihamahama hivyo?

Omera, umeuliza iweje mtu wa mita 2.24 abadilishwe timu kila mara, kwani hajui mpira? Anaujua sana. Boban Marjanović, yule Mserbia, aliingia NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 2015 na San Antonio Spurs, halafu Detroit, Los Angeles Clippers, Philadelphia, Dallas, Houston. Mara mbili alihamishwa pamoja na rafiki yake Tobias Harris, kama ng'ombe na ndama wake.

Chini ya kikapu hana shida, ananyoosha mkono tu, kuruka ni hiari. Tatizo ni miguu. Wapinzani humvuta nje, karibu na mstari wa pointi tatu, wakampita kabla hajageuka. Hapa Kisumu tunaye mmoja wa aina hiyo kwenye uwanja wetu wa saruji. Vijana wafupi wakianza kumzungusha, tunamtoa akanywe maji.

Ndiyo maana alipewa dakika chache, lakini kila timu ilimpenda. Aprili 2024, Houston ikiwa ugenini kwa Clippers, alikosa mtupo huru wa kwanza, akawanyoshea mashabiki kidole, akakosa wa pili makusudi ili wapate sandwichi za kuku za bure, zawadi iliyoahidiwa mgeni akikosa yote miwili. Uwanja mzima ukamshangilia, na ni mgeni!